Kutumia chatboti katika masomo bila kujipunja wala kudanganya

Katika shule moja ya sekondari nchini Uturuki, watafiti waliwagawa wanafunzi karibu elfu moja wa hisabati katika makundi matatu. La kwanza lilifanya mazoezi kwa vitabu na madaftari tu. La pili lilipewa chatboti (programu unayozungumza nayo kwa maandishi) ya kawaida, ile inayojibu chochote unachoiuliza. La tatu lilipewa chatboti iliyoandaliwa kwa msaada wa walimu ili itoe vidokezo badala ya majibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili liliwazidi wale wa vitabu kwa asilimia 48. Kisha chatboti zikaondolewa, mtihani ukaja, na kundi hilohilo likaanguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuzigusa. Kundi la tatu halikupata hasara hiyo. Mimi kilichonishtua zaidi ni kwamba wanafunzi wa kundi la pili hawakujua kuwa wamejifunza kidogo. Walijiona wako sawa.

Akili mnemba (AI) ilikuwa ileile kwa makundi yote mawili yaliyopewa chatboti. Kilichotofautiana ni nafasi iliyopewa. Huku ilifanya kazi ya mwanafunzi, kule ilifanya kazi ya mwalimu. Hatua zifuatazo zinakusaidia kuiweka upande wa mwalimu na kuizuia isihamie kwenye kiti chako.

Hatua ya 1: Jua kanuni kabla hujafungua programu

ChatGPT, chatboti ya kampuni ya OpenAI, ilizinduliwa Novemba 30, 2022, na taasisi nyingi za elimu zikapigwa na butwaa. Januari 2023 shule za umma za jiji la New York ziliizuia kwenye mitandao na vifaa vyake, lakini ilipofika Mei mwaka huohuo msimamo ulikuwa umelegezwa. Kanuni bado zinabadilika namna hiyo. Ndani ya chuo kimoja, somo moja linaweza kuruhusu na jingine likakataza kabisa, kwa hiyo usitegemee alichokuambia mwenzako wa mwaka uliopita.

Soma maelezo ya somo. Yakiwa kimya, muulize mwalimu, na umuulize swali linalojibika. "Je, tunaruhusiwa kutumia AI?" ni swali pana mno, na mwalimu mwenye shaka atakujibu hapana ili amalize mjadala. Jaribu hivi: "Mwalimu, naomba kuuliza. Naweza kuitumia chatboti kunieleza mada na kunipa maswali ya mazoezi, ilimradi insha niiandike mwenyewe? Na kusahihisha sarufi je?" Uliza kwa maandishi ili ubaki na jibu lake.

Umri nao una kanuni zake. UNESCO, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, ilipendekeza zana hizi zisitumike darasani kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Masharti ya OpenAI nayo yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi au mlezi. Kama mdogo wako anaingia kwa akaunti yako, basi hilo ni jambo la kuzungumza nyumbani.

Hatua ya 2: Jiulize zoezi linapima nini

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanayoiruka.

Mwalimu aliyekupa insha kuhusu chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia hana upungufu wa insha kuhusu vita hivyo. Ameshasoma nyingi hadi amechoka. Anachotaka ni wewe ukae na sababu tano au sita, uzipime, uamue ipi ilikuwa na uzito, kisha ujitetee. Karatasi unayomkabidhi ni alama tu kwamba umepita njia hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, andika sentensi moja: "Zoezi hili linapima uwezo wangu wa..." Malizia. Chochote ulichoandika hapo, chatboti haikigusi. Kama zoezi linapima kufupisha makala, usiombe muhtasari. Kama linapima kujenga hoja, usiombe hoja. Yaliyobaki unaweza kusaidiwa, kwa kadiri kanuni za hatua ya 1 zinavyoruhusu.

Utaona mara moja kuwa kitendo kilekile kinaweza kuwa halali kwa mmoja na haramu kwa mwingine. Anayejifunza Kifaransa akiipa chatboti aya aliyoambiwa aitafsiri, amejiibia somo lake mwenyewe. Mwanafunzi wa historia aliyekutana na waraka wa Kifaransa na kutaka kujua kama unamhusu, anaweza kuomba tafsiri ya haraka, kisha atafute mtu au kamusi ya kuthibitisha sehemu atakazozitumia. Vivyo hivyo katika kompyuta. Anayesoma misingi ya uprogramu, kuandika msimbo ndiyo kazi yenyewe. Anayesoma biolojia na kutaka grafu ya vipimo vyake, msimbo kwake ni chombo tu, kama rula.

Mpangilio wa insha ndio unaoleta ubishi. Wengi husema, "Nimeomba mpangilio tu, maneno ni yangu." Mimi siukubali utetezi huo. Kuamua kipi kitangulie, kipi kifuate na kipi kiachwe ndiko kufikiri kwenyewe. Ukiomba mpangilio, kilichobaki ni kujaza nafasi.

Hatua ya 3: Anza na karatasi yako

Kaa kwa robo saa bila mashine. Andika unachokijua kuhusu mada, unachokisia, na mahali unapokwama. Isiwe nadhifu. Michoro, mishale, maswali, vyote ruksa.

Sababu ni kwamba jibu la kwanza unalolisoma hukuteka. Ukishaona aya nne zilizopangika vizuri, ni vigumu kuwaza nje yake, hata kama ulikuwa na wazo bora zaidi ambalo halijakomaa. Isitoshe, wanafunzi wanaouliza swali moja kwa maneno yanayokaribiana hupata majibu yanayofanana. Mwalimu akikuta hoja tatu zilezile, kwa mpangilio uleule, katika karatasi kumi, hahitaji kifaa chochote kumwambia kilichotokea.

Faida ya pili ni kwamba sasa una kitu mahususi cha kuuliza.

Hatua ya 4: Uliza kama mwanafunzi

Linganisha maagizo haya mawili. La kwanza: "Niandikie insha ya maneno 800 kuhusu usanisinuru." La pili: "Ninasoma usanisinuru. Ninaelewa kwamba mmea hutumia mwanga, maji na kabonidioksaidi kutengeneza sukari. Sielewi kwa nini kuna hatua inayohitaji mwanga na nyingine isiyouhitaji moja kwa moja. Usinieleze yote. Niulize swali moja moja mpaka nigundue nilipokwama."

Agizo la kwanza linazaa karatasi. La pili linakulazimisha kujibu maswali, na unapojibu ndipo unapogundua kwamba ulidhani unaelewa kitu ambacho hukukielewa. Haya mengine nayo hufanya kazi vizuri:

"Hii ni njia niliyotumia kutatua swali. Usinipe jibu. Nionyeshe mstari wa kwanza wenye kosa, kisha unipe kidokezo kimoja tu."

"Hoja yangu kuu ni hii. Jifanye mpinzani wangu, unipe pingamizi tatu kali kuliko zote." Pingamizi hizo uzijibu mwenyewe.

"Nitakueleza mfumuko wa bei kana kwamba wewe ndiye mwanafunzi na mimi mwalimu. Nikatize kila nisipoeleweka."

"Tunga maswali kumi kutokana na maelezo haya ya darasani. Uliza moja, subiri jibu langu, ndipo usahihishe."

Chatboti husahau. Baada ya maswali machache itaanza tena kukumwagia majibu kamili, nawe utalazimika kuikumbusha masharti. Mwaka 2025 OpenAI, Google na Anthropic ziliweka ndani ya chatboti zao hali maalumu za kujifunzia, ambazo huuliza na kuongoza badala ya kujibu papo hapo. Itafute kwenye menyu ya programu unayotumia. Hata hivyo hakuna kinachokuzuia kuizima ukichoka, kwa hiyo nidhamu bado ni yako.

Jambo jingine ambalo mgeni wa zana hizi halioni mapema: zinapenda kukubaliana nawe. Chukua jibu ambalo una hakika ni sahihi, iambie chatboti, "Nadhani umekosea," na uone. Mara nyingi itaomba radhi na kubadili jibu lililokuwa sawa. Ndiyo maana swali "Je, insha yangu ni nzuri?" halina maana, kwani utasifiwa tu. Uliza, "Ni aya ipi dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake uko wapi?" Ukitaka ikupimie hoja mbili, ziweke zote bila kusema ipi ni yako.

Na ukiuliza kwa Kiswahili, kumbuka kwamba zana hizi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza. Maelezo yanaweza kuja membamba, au yakatumia istilahi ambazo kitabu chako cha kiada hakizijui. Ukiona neno geni la kitaaluma, liangalie kwenye kamusi au kitabuni kabla hujalikariri.

Hatua ya 5: Hakiki, tena nje ya chatboti

Chatboti haina rafu ya vitabu kichwani inayoifungua kila ukiiuliza. Kwa msingi wake hukisia kipande cha neno kinachofuata, kwa kufuata ruwaza ilizozipata katika maandishi mengi mno. Ndiyo maana sentensi yake ya uongo na sentensi yake ya kweli zina ufasaha uleule. Baadhi ya chatboti sasa hutafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu, na hilo linasaidia, ila bado zinaweza kukuwekea kiungo cha ukurasa ambao hausemi zinachodai.

Mwaka 2023 mawakili huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walipeleka mahakamani hati iliyotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT. Aliyezitafuta alikuwa hata ameiuliza chatboti kama hukumu hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Jaji aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hawa walikuwa watu wazima wenye leseni. Kosa lao la msingi lilikuwa kumtaka shahidi ajithibitishe mwenyewe.

Ukipewa rejea, fanya hivi. Nakili jina la makala kama lilivyo, ulitafute kwenye Google Scholar (sehemu ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma) au katalogi ya maktaba. Halipo? Ifute, na usihangaike kuitafutia udhuru. Kama ina namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, ibandike kwenye tovuti ya doi.org uone inakopeleka, kwa sababu rejea ya kubuni inaweza kubeba namba halisi ya makala nyingine kabisa. Ikifunguka makala yenyewe, kazi haijaisha. Tafuta ukurasa wenye dai unalotaka kulitumia, kwani makala inaweza kuwa ya kweli na dai lililobandikwa kwake likawa la uongo. Kazi ambayo hukuifungua haiingii kwenye orodha yako ya marejeo.

Kwa hesabu, kadiria jibu kabla ya kuliona, kisha rudisha thamani uliyopewa kwenye mlinganyo uone kama pande mbili zinalingana. Kwa msimbo, uendeshe kwa data za ajabu: orodha tupu, sifuri, namba hasi. Msimbo mwingi wa chatboti hupita kwenye mifano ya kawaida na kuangukia hapo.

Si lazima uhakiki kila sentensi, hutamaliza. Maelezo ya kanuni ya Pythagoras ni nadra kukosewa, maana yameandikwa mara nyingi mno. Kadiri mada inavyokuwa adimu, au inavyohusu mahali padogo au mtu asiyejulikana sana, ndivyo hatari ya kutungiwa inavyopanda. Tarehe, majina, takwimu, nukuu na vifungu vya sheria hakiki daima.

Hatua ya 6: Usimwage siri, hasa za wengine

Jina kamili, namba ya usajili, nywila, matokeo ya hospitali, ugomvi wa nyumbani: vyote hivi havina sababu ya kuingia humo. Fungua mipangilio, utafute sehemu inayohusu matumizi ya mazungumzo yako katika kufunza mifumo, na uizime kama huduma hiyo inaruhusu.

Wanafunzi wa utafiti wana mtihani mkubwa zaidi hapa. Ukiwa na mahojiano, watu waliokujibu walikubali wewe uyasikie; hawakukubali yapakiwe kwenye kompyuta za kampuni. Kuondoa majina mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa cheo, umri na tukio moja vinaweza kumtambulisha mtu. Bila ruhusa ya msimamizi wako na ya fomu ya ridhaa waliyoisaini, usipakie. Kazi ya mwenzako uliyopewa uikague nayo si yako kuipeleka.

Hatua ya 7: Andika mwenyewe, kisha sema ulivyosaidiwa

Unapoanza kuandika, funga dirisha la chatboti. Usiandike ukiwa unalitazama, hata kwa nia njema, maana utajikuta unabadilisha maneno mawili matatu katika kila sentensi na kuita hiyo kazi yako. Kubadilisha maneno ya mwingine bila kumtaja ni wizi wa maandishi hata pale mwingine huyo anapokuwa mashine.

Ukitaka kusahihishiwa sarufi, na kama inaruhusiwa, omba iorodheshe makosa na sababu zake, usiombe iandike upya. "Boresha aya hii" hurudisha aya laini isiyo na sauti yako, na wakati mwingine yenye maana uliyokuwa hujaikusudia.

Mwisho wa kazi weka tamko fupi, kwa mfano: "Nilitumia ChatGPT kunieleza tofauti kati ya uwiano na usababisho, na kunitungia maswali ya kujipima. Sikutumia maandishi yake katika kazi hii. Hoja, mpangilio na maneno ni yangu." Tamko la kweli la mistari mitatu linamtuliza mwalimu kuliko kimya. Kama umenukuu jibu la chatboti, fuata mtindo wa kuandika marejeo unaotumiwa na somo lako: mtindo wa APA huweka kampuni iliyotengeneza zana kwenye nafasi ya mwandishi, ilhali ule wa MLA hauihesabu zana kuwa mwandishi. Popote usiiandike kama mwandishi mwenza. Jarida la kisayansi la Nature lilishatamka mwaka 2023 kuwa halikubali hilo, kwa hoja kwamba mwandishi ni yule anayeweza kuwajibika kwa kazi.

Hatua ya 8: Tunza ushahidi

Mwanafunzi mwaminifu naye anaweza kushutumiwa. Vifaa vya kutambua maandishi ya mashine havina macho makali kama vinavyotangazwa. OpenAI yenyewe ilitoa kifaa chake Januari 2023, ikakiri kwamba kinatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kinayasingizia. Julai mwaka huohuo ikakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka 2023 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Kwa msomaji wa Kiswahili anayeandika kazi zake kwa Kiingereza, hilo si jambo la mbali.

Kwa hiyo andika kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, kama Google Docs au Word iliyounganishwa na hifadhi ya mtandaoni. Usitupe karatasi ya hatua ya 3. Hifadhi mazungumzo yako na chatboti. Ukiitwa, peleka vyote, na ujitolee kuieleza kazi yako kwa mdomo. Aliyeiandika huweza kusema kwa nini aya ya tatu iko pale ilipo.

Hatua ya 9: Jipime bila msaada

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Wengine walivirudia kuvisoma, wengine walifunga na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwapita kwa mbali. Kusoma majibu mazuri ya chatboti ni kurudia kusoma tu: kila kitu kinaonekana kinajulikana kwa sababu kiko mbele ya macho.

Baada ya siku mbili, chukua karatasi tupu na uieleze mada bila simu karibu. Ulipokwama, rudi hatua ya 4 na swali la pale pale.

Na kama muda umekwisha?

Mtu hunakili jibu zima akiwa na saa tatu tu kabla ya kukusanya kazi na ukurasa ukiwa mweupe. Ushauri wa kupanga muda mapema haumsaidii wakati huo. Yaliyobaki ni mawili: kukabidhi kazi nusu iliyo yako, au kuomba muda. Alama chache za kazi nusu zinafidika. Kesi ya udanganyifu hukaa kwenye faili lako. Ujumbe wenyewe hauhitaji mapambo, wala usiiombe chatboti ikuandikie: "Shikamoo Mwalimu. Sijamaliza kazi ya leo. Nimekamilisha sehemu ya kwanza na nimeiambatisha. Naomba kuleta iliyobaki keshokutwa, nami niko tayari kukatwa alama za kuchelewa."